Lugalo Mezani: Namna ya Kutayarisha na Kujaribu Mchezo wa Vita

Ukimtajia mkazi wa Dar es Salaam jina la Lugalo, atakuelekeza kwenye kambi ya jeshi na hospitali yake. Lugalo yenyewe iko Iringa. Huko, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Kihehe wa Mtwa Mkwawa waliuvizia msafara wa jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski na kuusambaratisha. Msafara ulikuwa na askari wapatao 320, wapagazi 170 na maofisa wachache wa Kizungu. Wahehe wanakadiriwa kuwa 3,000. Zelewski aliuawa kwa mkuki.

Kwa anayetaka kutunga mchezo wa vita wa mezani, ule wa sanamu ndogo, dadu na tepu ya kupimia, sioni kisa kinachofundisha kuliko hiki. Pambano lilikuwa fupi, ardhi yake inajulikana, na karibu kila mtego unaomnasa mtunzi mgeni umo ndani yake.

Michezo hii si mipya. H. G. Wells alichapisha kanuni zake mwaka 1913 katika kitabu Little Wars, akitumia vizinga vya kuchezea vilivyorusha vijiti kweli sakafuni. Siku hizi dadu ndiyo huamua nani amepigwa. Tunaouzungumzia hapa ni ule mdogo kabisa wa jamii yake, ambamo sanamu moja ni mtu mmoja, si kikosi. Hapo ndipo hesabu inapoanza kukubana.

Watu 3,000 dhidi ya 500 hawaenei mezani, wala usijaribu kuwaenesha. Chukua sanamu za kipimo cha 1/72, zile za plastiki ambazo mtu mzima ana urefu wa kama sentimeta mbili na nusu. Meza ya sentimeta 180 kwa 120 inakuwa uwanja wa mita 130 kwa 86. Watu 500 wakitembea mmoja mmoja kwa kuachiana mita mbili, msafara unafika kilomita moja, na meza yako inameza watu 65 tu. Kwa hiyo kata kipande. Wengi watakimbilia katikati, penye mizinga na punda, kwa kuwa pana vishindo. Mimi ningechukua mkia. Luteni von Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, alikusanya walionusurika kwenye kilima kisha akaondoka nao. Huko nyuma kulikuwa na maamuzi ya kufanya: kusonga mbele kusaidia, kushika kilima, au kuokoa watu na kuondoka. Pale mbele, askari alikuwa na nafasi ya kufa tu, na mchezo ambao upande mmoja hauna la kuamua haufurahishi hata anayeshinda.

Kabla ya kununua chochote, kaa na kalamu. Askari wa msafara walibeba bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, zinazopakiwa risasi moja moja. Shabaha yake iliwekwa alama za mamia ya mita, lakini meza yako haifiki hata mita 150. Maana yake ni kwamba kanuni za umbali wa risasi, ambazo watunzi wengi huzijazia majedwali, hapa hazina kazi. Kinachotawala ni macho: mtu anaonekana kutoka mita ngapi kwenye vichaka, mawe na nyasi ndefu? Andika kanuni nzuri ya kuonana, ya bunduki iandikie mstari mmoja.

Sasa pima muda. Mtu mwenye ngao na mkuki akikimbia vichakani kwa mita nne kwa sekunde, mita 30 atazimaliza kwa sekunde saba au nane. Mwenye bunduki isiyo na risasi atahitaji kuishusha, kufungua, kutia risasi, kufunga na kulenga. Akipata kufyatua mara moja, ana bahati. Huhitaji ushujaa wa pekee wala uchawi kueleza kilichotokea, saa inatosha. Basi fanya raundi moja iwe sekunde tano. Mpiganaji wa Kihehe aende sentimeta 28 kwa raundi, sawa na mita 20. Askari katika raundi moja ama apakie, ama apige, si vyote viwili.

Ijaribu hesabu hiyo kabla ya kuchora hata sanamu moja. Weka askari 10 wenye bunduki tupu na Wahehe 20 walio mita 30 kutoka njiani, yaani sentimeta 42. Raundi ya kwanza askari wanapakia. Ya pili wanapiga, na tuseme risasi inapata kwa 5 au 6 ya dadu, yaani theluthi. Risasi 10 zitaangusha watu watatu au wanne, kisha watu 16 au 17 wanawafikia 10. Sogeza wavamizi hadi mita 60, uwape askari bunduki zilizokwisha kupakiwa: sasa wanapiga mara mbili, wanaangusha sita au saba, na Wahehe 13 wanafika wakiwa wamechoka. Huo ni mchezo mwingine kabisa. Kanuni zako zikitoa tofauti hiyo bila wewe kuilazimisha, una msingi. Zisipotoa, sanamu nzuri hazitakuokoa.

Majaribio ya mwanzo yafanywe kwa vizibo vya soda na punje za mahindi. Nasisitiza hili kwa sababu mtu aliyetumia mwezi mzima kupaka rangi sanamu 60 hawezi tena kukubali kwamba zinazotakiwa ni 40. Vizibo havina huruma hiyo. Cheza peke yako kwanza, pande zote mbili, ukitafuta mahali kanuni zinapokwama: nini hutokea watu watatu wakimfikia mmoja? Aliyeanguka anazuia njia? Mpagazi akitupa mzigo, mzigo unabaki mezani? Andika kila swali kwenye daftari wakati linapoibuka, si baadaye, na badilisha kanuni moja tu kati ya jaribio na jaribio. Ukibadilisha tatu kwa pamoja na mchezo ukanoga, hutajua ipi ilifanya kazi.

Kuna simulizi kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimfyatulia ndege risasi, na Wahehe waliojificha wakaichukulia kuwa ndiyo ishara, mtego ukafyatuka kabla ya wakati wake. Iwe ilikuwa hivyo hasa au la, kwa mtunzi ni zawadi. Mchezaji wa Kihehe anataka msafara uingie ndani kabisa; kila akisubiri, windo linanona na hatari ya kugunduliwa inakua. Hapo ndipo moyo wa mchezo ulipo, na hapo ndipo dadu hupotosha watunzi. Ukisema katika kila raundi ya mwendo (raundi hizi ziwe ndefu kuliko za mapigano) dadu moja irushwe, na ikitoka 6 mtego umefyatuka, unadhani umeweka hatari ndogo. Katika raundi 10 itatokea kwa asilimia 84. Tumia dadu mbili, mtego ufyatuke kwa 6 mbili pekee, na katika raundi hizo hizo 10 itatokea mara moja katika kila michezo minne hivi. Huo ndio wasiwasi unaoutaka: nadra kiasi cha kuthubutu kusubiri, karibu kiasi cha kukutoa jasho.

Tatizo gumu zaidi ni kwamba kila mtu amekwisha kusikia habari ya Lugalo. Mchezaji wa Kijerumani atapakia bunduki kabla ya raundi ya kwanza, atatuma watangulizi kila upande, atajipanga mraba. Hakufanya kosa, amesoma historia tu. Dawa mojawapo ni ya zamani. Mchezo wa Reisswitz, uliokubaliwa na jeshi la Prussia mwaka 1824, ulikuwa na mwamuzi aliyeona kila kitu, wachezaji wakiona kile tu ambacho vikosi vyao vingeona. Tafuta mtu wa tatu awe mwamuzi. Akikosekana, tumia bahasha tatu. Moja inasema maadui wako kushoto, ya pili kulia, ya tatu kwamba kwenye kipande hiki hakuna mtu, na vita vitasikika mbele. Mchezaji wa Kihehe huchagua kwa siri. Na kila anayetaka watangulizi alipe kwa mwendo: msafara unaopekua vichaka hutembea nusu ya kasi, na kabla ya machweo unatakiwa kambini.

Ushindi nao usipimwe kwa nani amebaki uwanjani, maana hilo linajulikana. Wajerumani wahesabiwe watu waliofika kilimani pamoja na silaha zao. Wahehe wahesabiwe bunduki walizoteka, kutoa wapiganaji waliopoteza. Kipimo hicho hakikutoka hewani. Wahehe waliondoka Lugalo na bunduki karibu 300, lakini walipoteza watu wengi, na wengine walikufa baadaye kwa majeraha. Kiongozi anayejua kwamba vita vitarudi huhesabu vyote viwili, na vilirudi kweli: Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa huko Kalenga. Ukitumia kipimo hiki utaona wachezaji wakianza kusitasita, wakimwacha askari aliyejibanza vizuri nyuma ya jiwe kwa sababu bunduki yake haina thamani ya watu watatu.

Kuhusu wapagazi, msimamo wangu hauna mzunguko: wasiwe pointi kwa upande wowote. Walikuwa watu wasio na silaha, wengi walikufa siku ile, na mchezo unaomlipa mtu kwa kuwaua utawafundisha wachezaji kuwawinda. Wafanye wakimbie kwa dadu, wazibe njia, waangushe mizigo. Athari yao kwenye pambano itaonekana bila kuwafanya shabaha. Vivyo hivyo usitunge mzaha kwenye kadi wala majina ya kejeli. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa mwaka 1954 na limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Anayekuja kuutazama mchezo wako Iringa anaweza kuwa mjukuu wa aliyekuwepo. Huko Kalenga na kwenye makumbusho ya Iringa Boma ndiko pa kuanzia utafiti, pamoja na masimulizi ya wazee. Taarifa za maofisa wa Kijerumani zipo pia, ila zisome ukikumbuka kwamba ofisa aliyeshindwa anaandika kujieleza kwa wakubwa wake.

Hesabu zikikaa, ndipo ufikirie vifaa. Sanamu za Wahehe ni adimu madukani. Zinazopatikana kwa urahisi ni za Wazulu wa 1879, na askari wa Kijerumani wa 1914. Wahehe walikuwa wamechukua mbinu za vita kwa Wangoni, wakiwa na ngao za ngozi ya ng'ombe na mikuki mifupi ya kuchomea, kwa hiyo Mzulu wa plastiki hayuko mbali sana, ila mvue manyoya na mapambo kwa kisu chenye ncha. Njia ya bei nafuu, ambayo kwa shule naipenda zaidi, ni kuchora watu kwenye karatasi ya manila, mbele na nyuma, kukunja na kugundisha kwenye kipande cha boksi. Watasimama, watahesabika, na akipotea mmoja hakuna anayelia.

Meza ivae rangi ya Agosti. Watu hupenda kutandika kitambaa cha kijani kibichi, lakini huo ni mwezi wa kiangazi Iringa, nyasi ni za manjano na kavu. Tandika kitambaa cha kahawia, kata kamba ya katani vipande vifupi, vichanue, vigundishe kwa gundi ya mbao kwenye vibao vya boksi. Kokoto za barabarani ni mawe mazuri kuliko ya kununua. Kila kibao cha nyasi kiwe na mpaka unaoonekana, ili pasiwepo ubishi nani yumo na nani yuko nje. Ubishi mwingi katika michezo hii huzaliwa na mandhari yaliyopangwa kwa urembo kuliko kwa kanuni.

Jaribio la mwisho ndilo linaloumiza. Wape kanuni zako watu wawili wasiowahi kuzisikia, kaa kando, funga mdomo. Usieleze. Wakikuuliza, waambie wasome. Wewe andika tu: wamepekua ukurasa mara ngapi, wamesimama wapi, wameelewa nini kinyume, nani ametazama simu. Wakitafsiri kanuni visivyo na mchezo ukawa bora, chukua tafsiri yao. Kisha wabadilishane pande. Mchezaji yule yule akishinda kote kuwili, ni hodari tu. Upande ule ule ukishinda mikononi mwa wote, rekebisha pointi, usiguse risasi wala mbio, kwa kuwa hizo ulizipima kwa saa. Baada ya mchezo waulize swali moja kila mmoja: ni wakati gani hukujua ufanye nini? Kama wa Kihehe atataja wakati wa kusubiri vichakani, na wa Kijerumani akataja wakati wa kuamua kama arudi kilimani, mchezo umefika.

Kanuni zote zikae kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Juu yake andika tarehe na namba ya toleo, kwa sababu nakala za zamani hazifi, na hakuna jioni inayoharibika haraka kama ile ambayo kila mmoja ameshika kanuni tofauti.