Mwenzio Afikapo Umri wa Makamo

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wetu: afanyeje mke ambaye mumewe amefika umri wa makamo akageuka tabia? Mtu aliyekuwa mchangamfu sasa hasemi. Duka alilolijenga kwa miaka mingi lamchosha. Usiku halali, na mchana akiulizwa hukasirika. Hapo majirani husema, "Amechezewa," na mke hukimbilia kwa mganga kutafuta hirizi. Hili twalikataza. Aghalabu huyo ni mtu aliyetazama nyuma akaona umri umekwenda, akatazama mbele akaogopa.

Kujihesabu katika umri huo si aibu. Qur'ani, katika Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, imeutaja umri wa miaka 40 pamoja na dua ya kushukuru neema na kuwaombea dhuria.

Na mfano wa kumsaidia mwenzio tunao. Mtume (S.A.W.) alikuwa na umri wa miaka 40 aliporejea nyumbani kutoka pango la Hira, hali akitetemeka. Hatufananishi wahyi na dhiki zetu, tunalolitazama ni mwendo wa Bibi Khadija (R.A.). Kwanza alimfunika mpaka khofu ikamwondoka. Kisha alimkumbusha wema wake: kuwaunga jamaa, kuwachukulia wanyonge mizigo yao, kuwakirimu wageni. Mwisho alikwenda naye kwa Waraqa bin Naufal, mwana wa ami yake, aliyekuwa na ilimu.

Basi yatupasa mambo hayo matatu: kumtuliza, kumkumbusha wema wake, na kwenda naye kwa ajuaye. Na daktari ni katika hao wajuao, kwani huzuni isiyoondoka huweza kuwa maradhi, nayo yana dawa.

Nanyi waume, msidhani darsa hii ni ya wanawake peke yao. Mke akomapo hedhi, aghalabu baina ya miaka 45 na 55, huweza kupatwa na joto la ghafula, kukosa usingizi na huzuni. Je, ni wangapi kati yetu wamtulizao? Wako wamchekao, na wako wakimbiliao kuoa kijana. Kuoa ni halali, lakini kumkimbia mwenzio katika dhiki yake si uungwana.

Nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi isibomolewe kwa dhiki ya siku chache. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.