Mgeni wa Shabati

Wadogo zangu, barua za mwezi huu zimenishangaza. Nimezoea maswali ya mawifi na mahari, na sasa wawili mmeniuliza namna ya kwenda kusali na Wayahudi. Mmoja yuko Nairobi. Kanisani kwao wameanza kupuliza pembe ya kondoo na kujitanda shali zenye vishada, naye anataka kwenda kuona mambo yalikotoka. Mwingine ni muuguzi Marekani. Mtaani kwake kuna jengo lenye nyota ya Daudi, na bango linasema kila mtu anakaribishwa. Huyu wa pili ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana anataka kubisha mlango ambao hajajua ni wa nani.

Tuanzie hapo, maana nyota hiyo huwekwa na makundi mawili. Sinagogi ni nyumba ya ibada ya Wayahudi, na humo hakuna anayesali kwa jina la Yesu. Kusanyiko la Kimasihi ni la watu wanaomwamini Yesu, wao humwita Yeshua, ila wanashika Shabati, yaani Sabato, wanasoma Torati na kusali kwa Kiebrania, wengine kidogo, wengine sana. Harakati hii ilipamba moto Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1975 umoja wa zamani wa Wakristo Waebrania wa huko ulibadili jina na kujiita wa Wayahudi wa Kimasihi. Wengi wanaokaa kwenye viti vyao si Wayahudi wa kuzaliwa. Matawi ya Uyahudi hubishana kuhusu mengi, lakini kwa hili wote ni kauli moja: huo ni Ukristo. Mahakama Kuu ya Israeli nayo mwaka 1989 ilikataa Wayahudi wa Kimasihi wapewe uraia kwa sheria inayowaruhusu Wayahudi kurejea huko.

Sisemi hivi ili niwachonganishe. Nasema kwa sababu ukimwambia Myahudi, "Hata mimi husali sinagogi, lile letu la Yeshua," utamwona uso unabadilika, nawe utabaki kujiuliza umekosa wapi. Watu wale wamebatizwa kwa nguvu karne nyingi. Hispania mwaka 1492 waliambiwa wachague: ubatizo au kuondoka. Kumhubiria mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba yake, siku yake ya mapumziko, ni ukosefu wa adabu, hata kama nia yako ni njema. Vipeperushi viache nyumbani.

Tofauti hii hata huku kwetu watu wameipitia. Kule Kasuku, Nyandarua, kuna wakulima walioanzia katika kanisa la Kimasihi wakidhani huo ndio Uyahudi. Walipokutana na Wayahudi wa Nairobi na kuelezwa, baadhi yao walijitoa, wakaanza upya kujifunza. Abayudaya, Wayahudi wa karibu na Mbale, Uganda, njia yao ilikuwa nyingine kabisa. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, aliisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919 akajitahiri na kuwatahiri wanawe. Uzao wa imani yake ulivumilia marufuku ya Idi Amin dhidi ya dini yao, na leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyepata daraja hilo Los Angeles mwaka 2008. Ukitaka kusikia zaburi za Kiebrania zikiimbwa kwa sauti za Kiafrika, nenda kwao Nabugoye. Lakini kule nako peleka habari kwanza.

Haya, kupeleka habari. Sinagogi la Nairobi, lile la pembeni mwa Uhuru Highway na University Way, ni la jumuiya iliyoanza mwaka 1904. Usitokee tu Jumamosi asubuhi na Biblia kwapani. Andika siku kadhaa kabla, na uwe tayari kutoa jina lako kamili na nakala ya kitambulisho. Mlinzi akikuuliza maswali matatu, akapekua na mkoba, usinune. Mwaka 2002 hoteli ya Waisraeli ilipigwa bomu Kikambala, na wengi waliokufa walikuwa Wakenya. Mwaka 2018 mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi moja Pittsburgh, Marekani, asubuhi ya Shabati, akaua watu 11. Muuguzi wangu, hata kwenye jengo lenye bango la ukarimu unaweza kukuta askari mlangoni.

Katika kuandika kwako, sema ukweli: mimi ni Mkristo, sijawahi kufika, ningependa kuona ibada. Inatosha. Usijipachike Uyahudi wa rohoni, wala ukoo wa kabila lililopotea ambao nabii wa mtaani kwenu aliugundua juzi. Hakuna anayekutaka uwe Myahudi ndipo uketi kitini. Na hakuna atakayekuvuta uingie; wanaotaka kuongoka wenyewe huzungushwa kwanza, na kujifunza kwao huchukua muda mrefu.

Shabati huanza Ijumaa jua likizama. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hili, maana hata kwake usiku hutangulia mchana. Ibada ya Ijumaa jioni ni fupi na ina nyimbo nyingi, kwa hiyo ni nzuri kwa mgeni. Ya Jumamosi asubuhi huweza kuchukua muda wa saa tatu. Usichague Yom Kippur, siku yao ya toba, kwa mara ya kwanza: watu wamefunga tangu jana, wamechoka, na wewe hutaelewa kinachowaliza.

Kwa Waothodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali, wanaume hukaa upande wao na wanawake wao, na katikati kuna kizuizi. Kwa Wareforma, waliolegeza masharti, mnachanganyika, na huenda ukakuta gitaa. Mwanamume atapewa kofia ndogo ya kufunika utosi. Aivae, ni heshima tu. Ile shali yenye vishada asiiguse, hiyo ni ya wenyewe. Dada, sketi ishuke chini ya magoti na mikono ifunikwe. Mwanamume asipokupa mkono usihesabu dharau. Wapo wasioshikana mikono na mwanamke asiye wao. Sema "Shabbat shalom", tabasamu, songa mbele.

Utapewa kitabu cha sala kinachofunguka kwa nyuma. Utapotea ukurasa, na jirani atanyoosha kidole kukuonyesha, bila kusema neno. Watu husimama, huketi, wengine hunong'ona wakiyumbayumba. Sanduku linalotunza Torati likifunguliwa, simama. Torati itatolewa imevishwa joho la mahameli, wakati mwingine na kengele ndogo za fedha zinazolia inapopitishwa katikati ya watu, na wao hunyoosha vitabu vyao kuigusa, kisha hubusu kitabu. Wewe tazama tu.

Sasa yale yatakayokuponza kwa sababu umelelewa kanisani kwetu. Daftari la kunukuu mahubiri: kwa Waothodoksi kuandika siku ya Shabati ni kazi, basi kalamu ibaki mkobani. Simu uizime kabla hujafika, na picha usahau. Noti ya sadaka irudishe mfukoni, kapu halitapita. Hakuna atakayesema wageni wasimame wajitambulishe. Ukienda msalani ukaikuta taa inawaka, iache iwake, maana kuwasha taa nako ni kazi; ukiizima hakuna wa kuiwasha mpaka Jumamosi usiku. Na najua tumefunzwa kutokwenda kwa watu mikono mitupu, lakini nenda mitupu. Keki yako haikupikwa kwa masharti yao ya chakula, na utamweka mwenyeji katika aibu ya kuikataa. Baada ya ibada kuna divai, mkate uliosukwa, pengine samaki. Subiri ibarikiwe, kisha kula bila kujivunga.

Kwa Wamasihi utajisikia nyumbani mapema zaidi: vyombo vya muziki, mikono juu, watu wanacheza kwa duara, na Agano Jipya linasomwa pamoja na Torati. Wapo waungwana wa kweli humo. Mimi ningeuliza mambo mawili tu. Wanafundisha nini kuhusu Mkristo asiyeshika Shabati, kwamba hajaokoka? Na pembe, shali na mafuta wanavyouza mlangoni ni bei gani? Ukisikia kwamba baraka ipo kwenye shali ya elfu kadhaa, chukua mkoba wako uondoke. Hilo ni duka.

Kuna aliyechomeka swali pembeni ya barua: je, aende na mtoto wa miaka miwili? Nenda naye. Masinagogi mengi yamezoea watoto kukimbia kati ya viti, na akilia, toka naye nje kidogo kisha urudi. Mchukulie maji, ila midoli yenye betri na milio mwachie shangazi yake.