Kalsiamu imeshuka kweli?

*Dokta, kaka yangu amevimba miguu na tumbo. Karatasi ya maabara ya Kisangani inasema kalsiamu miligramu 74 kwa lita, albumini gramu 20. Tumeambiwa tununue ampuli za kalsiamu. Tununue? — Mama wa Ubundu*

Hapana, mama. Msinunue kwanza.

Karibu nusu ya kalsiamu ya damu imeshikwa na protini, hasa albumini inayotengenezwa na ini. Inayofanya kazi kwenye misuli, neva na moyo ni ile iliyo huru, na mashine nyingi hupima zote kwa pamoja. Albumini ni kama mitumbwi: ikipungua gatini, abiria waliomo hupungua. Wanaotembea sokoni ni wale wale.

Ndiyo maana tunasahihisha namba ya kalsiamu kufuata albumini. Kazi ya Payne na wenzake wa Leeds, Uingereza, mwaka 1973, ndiyo iliyoeneza hesabu hii. Toa albumini ya kaka kwenye 40, albumini ya kawaida: inabaki 20. Zidisha kwa 0.8, upate 16. Jumlisha na 74: 90. Kiwango cha kawaida ni kama 85 hadi 105, kwa hiyo kaka yumo. Lakini angalia vipimo: karatasi ikiandika milimoli, badala ya 0.8 tumia 0.02.

Hesabu hii ni makadirio tu. Kwa mgonjwa mahututi au mwenye figo zilizochoka hudanganya. Kwao hupimwa kalsiamu huru yenyewe, kama mashine ipo. Tena mgonjwa akifa ganzi mdomoni, vidole vikikakamaa au akipata degedege, achaneni na hesabu, mkimbizeni hospitali.

Mbona nazuia ampuli? Kalsiamu ikisukumwa haraka mshipani inaweza kusimamisha moyo, na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Isichanganywe kamwe na seftriaksoni, sindano inayochomwa kila kona kwetu: hugandana kuwa chembechembe.

Namba ya kuogopa kwenye karatasi yenu ni ile 20. Albumini huteremka ini likiharibika, figo zikiimwaga kwenye mkojo, maradhi yakikaa mwilini muda mrefu, au mtu akikosa chakula cha kutosha. Watoto wenye kwashiorkor hupimwa na kukutwa hivyo hivyo. Uvimbe wa kaka unaendana na albumini hiyo ndogo; kalsiamu haitauondoa.

Kabla ya kutafuta nauli ya kilomita 125 kurudi Kisangani, mpelekeni kituo cha afya hapo Ubundu, mwombeni muuguzi apime protini kwenye mkojo kwa kijiti. Ikitoka nyingi, waambieni daktari wa Kisangani aanze na figo. Isipotoka, aangalie ini.