TUPANDE MLIMA UPI?
(Somo la kuchagua mahali pa ziara ya chama)

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni tamu, lakini ukienda nayo mlimani itakuponza. Mlima sharti uchaguliwe. Mjadala wa ziara ukianza tu, mmoja hupaza sauti, "Twende Mlima Kenya tukaone theluji!" na wote wakapiga makofi. Hakuna anayeuliza ni siku ngapi, ni pesa ngapi, wala yule mwenzetu mwenye pumu atafika wapi. Basi na tuulize.

1. Tunatafuta nini?
Huko Canada theluji hufunika sehemu kubwa ya nchi wakati wa baridi, na vikundi vya watu huchagua milima ya kuendeshea pikipiki za theluji, yaani vyombo vyenye mkanda nyuma na mbao mbili za kuteleza mbele. Sisi tuko karibu na ikweta. Theluji yetu iko juu kabisa, na barafuto za Mlima Kenya (barafuto ni barafu nene inayosonga polepole mlimani) zimepungua sana. Kwa hivyo tutakwenda kwa miguu, na anayetaka theluji tu huenda akarudi bila kuiona. Lakini maua ya nyikani, mapango, chemchemi na mandhari vipo tele.

2. Ni milima gani iliyo karibu nasi?
Wa kwanza ni Cherangani. Hii si volkeno. Ni ardhi iliyoinuliwa na nyufa za Bonde la Ufa. Vilele vyake kadhaa hupita mita 3,300. Kutoka Eldoret unapitia Iten, mji wa wakimbiaji wetu. Ni mmojawapo wa milima mitano mikuu inayoitwa minara ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Elgon na Mlima Kenya.

Wa pili ni Elgon, volkeno iliyolala mpakani mwa Kenya na Uganda. Kilele kirefu zaidi, Wagagai (mita 4,321), kiko Uganda. Upande wetu kuna Koitobos (mita 4,222). Unapitia Kitale, mji ulio kilomita 70 hivi kutoka hapa. Huko ndiko liliko pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Ajabu, sivyo? Lakini sikiza na upande wa pili. Mwaka 1980 na mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamelitembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafariki, na wataalamu huwashuku popo. Kundi la shule litosheke kulitazama kutoka nje.

Wa tatu ni Mlima Kenya. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wakwea miamba wenye kamba. Anayetembea kwa miguu huishia Lenana (mita 4,985), kilele ambacho Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu wakati wa uhuru, Desemba 1963. Ni safari ya siku nyingi, na kutoka Eldoret kufika mguuni mwake peke yake humaliza siku nzima.

3. Juu kuna baridi gani?
Hapa hesabu ya darasani inasaidia. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6.5 hivi. Eldoret iko mita 2,100 hivi. Tuseme usiku hapa ni digrii 10. Kwa makisio, usiku huohuo penye mita 3,300 za Cherangani patakuwa digrii 2; Koitobos digrii 4 chini ya sifuri; Lenana digrii 9 chini ya sifuri. Sweta ya shule haitoshi, jamani! Na ikilowa, ni mbaya zaidi.

4. Ni mwezi gani?
Wengi hudhani likizo ya Agosti inafaa popote. La hasha! Agosti ni wakati wa mvua kubwa huku kwetu, Cherangani na Elgon, ilhali Mlima Kenya huwa na nafuu. Desemba hadi Februari ndio wakati wa ukavu huku magharibi. Mlima mmoja ni mzuri Februari na ni matope matupu Agosti.

5. Nani dhaifu kati yetu?
Hili ndilo swali kubwa. Kundi hupimwa kwa mtu wa mwisho, si kwa bingwa wa mbio. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu aweza kupatwa na maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi kukatika. Hayachagui mwenye misuli. Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Elgon ina mtego wake: barabara hupanda mpaka karibu mita 3,500, kwa hivyo gari laweza kukufikisha juu kabla mwili haujazoea. Mwenzetu akianza kupepesuka au kusema ovyo, dawa ni moja: ateremshwe mara moja, usiku au mchana, na asiachwe peke yake. Mwenye pumu amwone daktari kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Uamuzi
Kwa maoni yangu, chama kianze na Cherangani, siku moja tu, katika likizo fupi ya Februari. Nauli ni nafuu, hakuna kulala kwenye baridi, na tutajuana nani anatembea vipi. Wakitoka salama, Elgon ifuate Desemba, kwa ruhusa ya wazazi na ya Shirika la Wanyamapori (KWS), pamoja na kiongozi anayeijua njia. Mlima Kenya uwangoje waliofaulu yote mawili. Anayeona nimekosea aje mkutanoni na hoja, si makofi.

ZOEZI
(a) Ikiwa usiku Eldoret ni digrii 12, kisia joto la Koitobos usiku huo.
(b) Tunga sentensi kwa kila neno: kilele, genge, korongo, barafuto.
(c) Jadilini: "Kiongozi bora wa msafara ni yule anayejua kurudi nyuma."