Pikipiki ya Magurudumu Manne Isiyowaka Asubuhi ya Baridi

Wasomaji wetu wakaao milimani wajua ya kuwa baridi ya mwezi wa Juni na Julai haiwatesi watu na ng'ombe peke yao. Huitesa hata mitambo. Leo twataka kufundishana habari ya pikipiki ya magurudumu manne, chombo kipitacho penye matope na mawe pasipopita motokaa.

Somo hili tulilipata kwa aibu. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai tulikuwa katika kijiji kimoja cha Makete, karibu na uwanda wa Kitulo, ambao kimo chake ni kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Katika majira hayo umande huganda usiku, hata majani yakawa meupe. Mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu tangu usiku wa manane, na mkunga akasema hana budi kupelekwa hospitali. Njia ilikuwa imeliwa na mvua za masika, wala motokaa haikuweza kufika. Mwenye shamba mmoja akatoa pikipiki yake ya magurudumu manne, na kigari chake cha kuchukulia maziwa kikatandikwa godoro.

Sisi tukajitia ujuzi. Tukabonyeza kitufe cha stata; injini ikazunguka kwa uvivu, isiwake. Tukabonyeza tena na tena, mpaka ikasikika sauti ya tik-tik tu. Ndipo akaja mzee mmoja aliyepata kuwa dereva wa trekta. Akatazama, akatuuliza kwa upole, "Wanangu, choki mmeivuta?" Hatukuivuta. Mzee akaivuta, lakini betri ilikuwa imekwisha. Vijana wanane wakapokezana machela mwendo wa saa mbili. Kwa bahati njema mama alifika, akajifungua salama. Lakini sisi tulijua kwamba kilichomchelewesha si baridi, bali ni kidole chetu.

Basi, kwanza yatupasa kujua baridi hufanya nini. Inafanya mambo matatu kwa mara moja. Hudhoofisha betri: penye baridi ya kugandisha maji, hata betri nzuri hupoteza yapata theluthi moja ya nguvu zake. Huifanya oili kuwa nzito, hata injini ikahitaji nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Tena huizuia petroli kugeuka mvuke upesi. Na kiwakacho ndani ya injini si petroli ya majimaji, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kwa hiyo asubuhi ya baridi betri ina akiba ndogo na kazi kubwa. Kila ubonyezapo kitufe bila kufikiri, watumia akiba hiyo bure.

Kabla ya kubonyeza, tazama. Ufunguo umefunguliwa? Swichi ya kuzimia injini, iliyo kwenye usukani, imewekwa mahali pa kuwasha? Gia imetolewa, na breki imeshikwa? Vyombo vingi vya namna hii hukataa kuzunguka mambo hayo yasipotimizwa. Petroli imo, na bomba lake limefunguliwa?

Kisha vuta choki yote, kwani kazi yake ni kuipa injini petroli nyingi kuliko desturi. Usiguse kishikio cha mafuta. Bonyeza kitufe muda usiozidi sekunde tano, kisha uache nusu dakika ili betri na stata vipumzike. Injini ikiwaka, rudisha choki kidogo kidogo kadiri ipatavyo joto. Katika nchi za juu hewa ni nyepesi, na choki ikiachwa wazi muda mrefu injini hulewa petroli ikazima. Pikipiki nyingine za siku hizi hazina kabureta wala choki. Hizo, fungua ufunguo, ngoja mpaka mvumo wa pampu ya petroli unyamaze, ndipo ubonyeze.

Ukijaribu mara tatu isiwake, acha! Sasa ni wakati wa kusikiliza. Pasiposikika sauti yo yote, tazama fyuzi na nyaya za betri. Ukisikia tik-tik, au injini ikizunguka kwa uzito, shuku betri. Injini ikizunguka kwa nguvu wala isiwake, betri haina kosa. Kosa li katika petroli, hewa au cheche.

Habari ya betri ni hii. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungua nyaya, ukianza na ule wa hasi. Visafishe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, uvikaushe na kuvikaza. Ukiwa na kipimo, betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha kiasi cha 12.6 au zaidi, ikionyesha 12.0 ni karibu tupu. Waweza kuazima nguvu katika betri ya motokaa yenye volti 12, lakini injini ya motokaa iwe imezimwa. Unga chanya kwa chanya kwanza; kisha hasi ya motokaa kwenye chuma kitupu cha pikipiki, mbali na betri. Usikaribishe moto wala sigara, kwani betri hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Ikiwa betri ni nzima, fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, injini imelewa: ikaushe plagi, irudishe, rudisha choki, fungua mafuta yote, na uzungushe sekunde chache. Ikiwa kavu, petroli haifiki: tazama bomba na chujio. Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika, na maji hukusanyika chini ya kabureta. Fungua msumari wake mdogo wa chini uyatoe, na petroli utakayoimwaga uikinge katika chombo. Ikiwa plagi ni nyeusi kwa masizi, safisha chujio la hewa. Kujaribu cheche tuwaachie mafundi, maana cheche ikikutana na mvuke wa petroli nje ya injini yaweza kumwunguza mtu.

Tena twawaonya wasomaji wetu juu ya mambo mawili. Tumeona watu wakiwasha moto wa kuni chini ya injini ili ipate joto. Hiyo si akili. Petroli ikidondoka, chombo huteketea, na pengine mwenyewe pia. La pili, usiache injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Lakini dawa iliyo bora ni ya jana yake. Tia oili ifaayo: katika maandishi ya kopo, tarakimu iliyo mbele ya herufi W ikiwa ndogo, oili hiyo ni nyepesi zaidi penye baridi, basi 10W hufaa kuliko 20W, mradi kitabu cha chombo kikubali. Jaza tangi jioni, ili unyevu usikusanyike ndani. Weka chombo chini ya paa, na injini ikiisha kupoa kifunike. Chaji betri kila mara kisipotumika siku nyingi.

Mwenye shamba yule sasa amebandika ubao ukutani mwa banda lake, umeandikwa maneno manne: Tazama, Choki, Bonyeza, Sikiliza. Watoto wake wameyashika kwa moyo. Nasi twawasihi wasomaji wetu wafanye vivyo hivyo, kila mmoja katika banda lake, kabla baridi haijaingia. Haraka haraka haina baraka. Na mgonjwa akiisha kupandishwa kigarini, si wakati tena wa kuanza kujifunza.