Kitabu cha Picha za Gradu: Lipa kwa Awamu, Kagua Kabla Hakijachapishwa

Siku ya gradu huisha haraka. Asubuhi joho linapigwa pasi, mchana familia inamtafuta mhitimu katikati ya umati wa watu waliovaa vilevile, jioni keki inakatwa na wageni wanakimbilia gari la kurudi nyumbani. Kesho yake picha zimetapakaa: kumi ziko kwa simu ya mjomba, arobaini kwa ya binamu, nyingine kwa mpiga picha ambaye bado anadai salio lake. Mwaka ukipita, simu ya mjomba imeibiwa, na ya binamu ilijaa akafuta. Ndiyo maana familia nyingi siku hizi zinataka kitabu chenye jalada gumu na jina la mhitimu, picha zimepangwa na maneno machache chini yake. Shosho anakishika mwenyewe bila kumwomba mtu amfungulie simu.

Shida ni kwamba hiki si kitu cha kuchukua dukani ukaondoka nacho. Unalipia kazi ambayo bado haijafanyika, na mara nyingi unamlipa mtu uliyempata mtandaoni. Hapo ndipo pesa hupotea.

Anza na picha, si na pesa

Bei huenda na idadi ya kurasa, kwa hivyo jua una picha ngapi nzuri kabla ya kuuliza. Ukizikusanya kwa WhatsApp, waambie watu wazitume kama Document. Ikitumwa kawaida, WhatsApp huibana: kwa kioo cha simu inaonekana safi, lakini ikijazwa ukurasa mzima inatoka na ukungu. Wachapishaji hupenda nukta 300 kwa kila inchi, na kwa ukurasa wa A4 hiyo ni takriban pikseli 2480 kwa 3508. Picha yenye nusu ya vipimo hivyo usiitupe. Ipe robo ya ukurasa na itatoka sawa.

Halafu chuja bila huruma. Picha kumi na tano za kutupa kofia juu ni picha moja tu. Weka ile ya siku ya kuripoti na sanduku la chuma, chumba cha hosteli, mama akiwa kibandani pake, baba na koti lile la sherehe zote. Kitabu cha majoho matupu kinachosha kufikia ukurasa wa sita.

Kuna ukurasa mmoja ambao watu husahau, na kwa maoni yetu ndio unaofaa kutangulia: ukurasa wa waliochanga. Wengi wetu tulisomeshwa na zaidi ya mzazi mmoja. Karo ilitoka kwa shangazi, kwa chama, kwa jirani, kwa harambee ya kanisani au msikitini. Kama hukumbuki wote, mwenye laini iliyopokea michango anaweza kuomba taarifa ya M-PESA kwa *334# au kwenye app, akapitia majina. Chapisha majina pekee. Usiweke nambari za simu wala za miamala, na tafadhali usiweke kiasi. Shangazi aliyetuma 200 huenda ndiyo aliyokuwa nayo siku hiyo, na hatakiwi kujisoma chini ya aliyetuma 20,000.

Sasa malipo

Kama ndugu mnachangia kitabu, pesa ziende kwa mtu mmoja, naye aandike kwa kundi la familia kila anapopokea na kila anapolipa.

Na mchapishaji, kubalianeni awamu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi tu. Tuseme kitabu ni 6,000. Unaweza kutoa 2,000 ili apange kurasa, 2,000 ukishaona na kukubali mpangilio, na 2,000 ukikishika mkononi. Wengine watataka pesa yote kabla ya kuchapisha, na si lazima wawe matapeli: kitabu chenye sura ya binamu yako hakiwezi kuuziwa mtu mwingine ukikataa kukichukua. Hilo tunalielewa. Lakini kumaliza pesa kabla hujaona hata ukurasa mmoja, hapana. Mtu anayekusukuma ulipe yote leo kwa sababu "ofa inaisha saa sita" mwache na ofa yake.

Lipa kwa Till au Paybill ya biashara. Kwa Till wewe mteja hukatwi kitu; kwa Paybill inategemea mwenye biashara aliamua nani abebe ada. Jina likitokea kabla ya kuthibitisha, simama ulisome. Duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua? Uliza kwanza. Hadithi ya "Till yetu imekwama, tuma kwa nambari hii ya kibinafsi" isikuharakishe. Piga simu kwa nambari iliyo kwenye risiti au bango la duka, si ile iliyokutumia ujumbe.

Ukikosea nambari, tuma ujumbe wote wa muamala kwa 456 mara moja. Ukichelewa na pesa ikatolewa, kuirudisha ni vigumu. Ila uelewe hivi: huduma hiyo ni ya pesa iliyokwenda mahali pasipofaa. Kama ulimlipa mchapishaji uliyemkusudia na kazi ikatoka mbovu, huo ni mvutano wa mteja na muuzaji, na silaha yako ni yale makubaliano ya maandishi na ile awamu ya mwisho ambayo bado iko mfukoni mwako.

Siku ya kukagua

Mwambie akutumie PDF ya kitabu kizima, si screenshot ya jalada. Ifungue kwa kioo kikubwa, hata kama ni kwa cyber, na umwite mtu mwingine asome nawe. Anzeni na majina. Wanjiku na Wanjiru hutofautiana kwa herufi moja, na macho yako yaliyochoka hayataiona. Angalieni mwaka, jina la kozi, na nani ameandikwa ni nani wa nani.

Kisha tazameni katikati, pale kurasa zinaposhonwa. Picha ya familia iliyotandazwa kurasa mbili ni nzuri, lakini anayesimama katikati humezwa na mshono, na kwa kawaida anayesimama katikati ni mhitimu mwenyewe. Kingo pia hukatwa milimita chache, kwa hivyo sura na maandishi yasikaribie ukingo.

Ukishaandika "sawa, chapisha," kosa lililobaki ni lako.

Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, pitia ukurasa kwa ukurasa papo hapo kaunta, kisha uombe ubaki na ile PDF. Na ulizia mapema bei ya nakala mbili au tatu. Kazi ya kupanga kurasa inafanywa mara moja tu, kwa hivyo nakala ya pili haifai kukugharimu kama ya kwanza, na ni afadhali uelewane hilo kabla shangazi wa Eldoret hajaanza kuuliza yake iko wapi.