Sajili ya wabakaji huanzia hospitalini

HUENDA wewe unayesoma ukurasa huu unafanya kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa, lakini watoto wako wako kwa nyanya yao kule Kimilili. Kila mwisho wa mwezi unatuma pesa za sukari na karo, na Desemba ikifika unapanda basi kwenda kuwaona. Siku moja simu inalia. Ni mama yako.

"Mwanangu," anasema kwa sauti ya chini, "mtoto ameharibiwa. Kijana mwenyewe ni wa hapa hapa. Wazee wameshaketi, na babake amekubali kutoa ng'ombe."

Utamjibu nini? Leo ningependa tujifunze jibu la swali hilo. Saa chache zinazofuata simu kama hiyo ndizo zinazoamua afya ya mtoto. Pia ndizo zinazoamua kama jina la aliyemtendea unyama huo litawahi kuandikwa kwenye sajili ya waliohukumiwa kwa makosa ya ngono, au kama ataendelea kutembea sokoni kama mtu safi.

Sajili hii ni nini?

Wengi wetu tumesikia habari za sajili kama hizi kutokana na filamu za Marekani. Huko, mtu akishahukumiwa kwa kosa la ngono na kumaliza kifungo, hana ruhusa ya kupotelea popote anapotaka. Katika kaunti nyingi za mashambani yeye huenda mwenyewe kwenye ofisi ya sherifu, akaandikwa jina, mahali anapolala na mahali anapofanya kazi. Sheria ya taifa hilo iliyotiwa saini Julai 2006 inaweka viwango: wenye makosa mazito zaidi wanatakiwa kufika kila baada ya miezi mitatu, maisha yao yote, na akihama mtu ana siku tatu za kazi kutoa habari. Wananchi huweza kusoma majina mengi ya sajili hizo.

Uingereza nayo ina sajili, lakini huwekwa na polisi na haisomwi na kila mtu. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mtu aliye karibu na mtoto wake huenda kuuliza polisi, nao ndio huamua ni habari gani aambiwe.

Na Kenya? Mwezi huo huo wa Julai 2006, nchi yetu ilipata Sheria ya Makosa ya Ngono, baada ya mswada uliowasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye wakati huo alikuwa mbunge mteule na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 39 cha sheria hiyo kinamwagiza Msajili wa Mahakama Kuu kuweka sajili ya watu waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono. Kifungu hicho pia kinairuhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mhalifu hatari, kwa mfano akiwa amehukumiwa zaidi ya mara moja, akiwa alitumia nguvu au vitisho, au akiwa alimtendea mtoto. Mtu wa aina hiyo akitoka gerezani kabla ya kumaliza kifungo chake, anatakiwa kuwekwa chini ya uangalizi.

Kaunti ina kazi gani?

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Wanadhani Kaunti ya Bungoma, kama ilivyo kwa sherifu wa Marekani, ina daftari lake la wabakaji. Haina. Chini ya Katiba ya 2010, polisi na mahakama ni za taifa. Lakini hospitali na zahanati ni za kaunti.

Sasa fuata njia ambayo jina hupitia. Kabla ya mtu kuandikwa kwenye sajili, ni lazima apatikane na hatia. Kabla ya kupatikana na hatia, ni lazima kesi isikizwe, tuseme katika Mahakama ya Kimilili, ambayo rufaa zake huenda Mahakama Kuu ya Bungoma. Ukiwa upande wa Trans Nzoia, utaenda mahakama za Kitale. Kabla ya kesi, polisi wanahitaji ushahidi. Na sehemu kubwa ya ushahidi huo iko kwenye mwili na nguo za aliyeumizwa, ambako haikai muda mrefu.

Kwa hivyo, ingawa kaunti haiweki sajili, mlango wa kwanza wa sajili hiyo ni chumba cha matibabu cha hospitali ya kaunti. Muuguzi au afisa wa kliniki anayempokea mtoto ndiye mtu wa kwanza kushika kalamu. Asipopelekwa mtoto, kalamu hiyo haiandiki kitu.

Saa 72 za kwanza

Basi jibu la kwanza kwa mama yako ni fupi: "Mama, mpeleke hospitali sasa hivi." Msisitizie mambo haya:

1. Mtoto asioshwe wala asibadilishwe nguo. Najua ni vigumu. Mkono wa mzazi hukimbilia maji na sabuni kwanza. Lakini maji hayo huondoa ushahidi. Ikiwa nguo zimeshavuliwa, zisifuliwe. Zifungwe kwenye gazeti au bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na nguo huota ukungu. Na ikiwa ameshaoga, bado apelekwe. Matibabu yangalipo, na majeraha bado yanaweza kuonekana.

2. Afike kabla ya saa 72 kupita. Huo ndio mwisho wa kuanza dawa za PEP, zinazozuia virusi vya Ukimwi kushika mwilini. Dawa hizi humezwa kwa siku 28, na kila saa inayopita kabla ya kuanza hupunguza nguvu yake. Msichana aliyevunja ungo hupewa pia tembe za dharura za kuzuia mimba, ambazo hufanya kazi hadi saa 120, yaani siku tano, ingawa mapema ni bora zaidi. Kuna dawa za kuzuia magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ya pepopunda ikiwa kuna vidonda.

3. Matibabu hayangoji polisi. Usikubali mtoto arudishwe mlangoni ati alete kwanza barua ya kituo. Atibiwe, kisha polisi wafuate.

4. Hakikisha fomu ya PRC imejazwa. Hii ni fomu ya Wizara ya Afya ya kumhudumia aliyebakwa. Hujazwa kwa nakala tatu: moja ni ya polisi, moja ya mgonjwa, na moja hubaki hospitalini. Iweke nakala yenu mahali pa salama. Baadaye polisi hutoa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya mahakama.

5. Arudi kupimwa. Kipimo cha siku ya kwanza hakionyeshi ugonjwa ulioingia jana. Hospitali itampa tarehe za kurudi katika wiki na miezi inayofuata. Aombewe pia ushauri nasaha, kwa maana kuna kidonda ambacho bandeji haikifikii.

Haya yote yanamhusu mvulana pia, na mwanamke mzima vilevile. Sheria inawalinda wote.

Daktari akisema hakuona jeraha, msikate tamaa wala msimwite mtoto mwongo. Miili hupona haraka, na vitendo vingine haviachi alama kabisa. Isitoshe, sheria yetu ya ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa kosa la ngono pekee, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akiandika sababu zake.

Cheti cha kuzaliwa

Jambo lingine ambalo familia nyingi hulisahau ni umri. Katika kesi ya kumnajisi mtoto, adhabu hutegemea miaka yake. Mtoto akiwa na miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, ni kifungo kisichopungua miaka 20. Akiwa kati ya miaka 16 na 18, ni kisichopungua miaka 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba viwango hivi vya chini vilivyowekwa na sheria ni lazima vifuatwe.

Ni lazima basi umri uthibitishwe. Ushahidi wa mzazi husaidia, na daktari anaweza kuupima, lakini karatasi husema kwa urahisi zaidi. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki ya mtoto viko wapi sasa hivi? Ikiwa viko kwenye sanduku lako mjini, peleka nakala nyumbani.

Na wale wazee?

Turudi kwa wazee na ng'ombe wao. Wazee wa ukoo wana heshima yao, na mengi ya mashamba na mipaka wameyatatua vizuri kuliko korti. Lakini jambo hili si lao. Sheria ya 2006 haimwachii mzee, chifu wala afisa wa kituo uamuzi wa kuiacha kesi ya ngono. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ng'ombe akishavuka boma, mtoto hubaki bila dawa, na jirani wa tatu hajui kwamba mtu huyo ana historia.

Itakuwaje basi polisi wenyewe wakilegea? Tukumbuke yaliyotokea kwa jirani zetu wa Busia. Juni 2013 msichana wa miaka 16 alishambuliwa na kundi la wanaume, na baadhi ya washukiwa waliokamatwa wakaamriwa kufyeka nyasi kisha wakaachiliwa. Watu zaidi ya milioni moja duniani walitia saini kulalamika. Aprili 2015 wanaume watatu walifungwa miaka 15 kila mmoja. Kabla ya hapo, Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kwamba polisi waliposhindwa kuchunguza ipasavyo malalamiko ya wasichana walionajisiwa, walivunja haki zao za kikatiba. Kwa hivyo kuchunguza ni wajibu, si hisani. Ukipata ugumu kituoni, omba nambari ya OB, na upige simu 116 ya kuwasaidia watoto au 1195 ya dhuluma za kijinsia.

Sajili haikingi kila kitu

Ni lazima pia tuelewe mipaka ya sajili. Haina jina la mshukiwa, wala la aliyeachiliwa na korti, na ni haki isiwe nalo. Ndiyo sababu si vyema kumpiga mtu au kusambaza picha yake kwa simu kabla ya hukumu. Jina na picha ya mtoto havifai kusambazwa kamwe.

Wala sajili haina jina la yule mjomba, mwalimu wa masomo ya ziada au jirani ambaye kosa lake lilimalizwa kimya kimya. Na mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua. Kwa hivyo, unapomwajiri mtu wa kukaa na watoto wako, mjini au mashambani, muulize waziwazi kama amewahi kuhukumiwa. Sheria inasema mtu aliyehukumiwa kwa kosa la ngono akificha jambo hilo anapoomba kazi ya kulea au kusimamia watoto, anafanya kosa jingine. Mwambie alete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na uzungumze na waliomwajiri mbeleni. Kisha mfundishe mtoto kwamba hakuna siri ya mwili ambayo hawezi kukuambia.

Jioni ya leo mpigie simu nyanya wa watoto. Usingoje siku ya taabu. Mwambie mambo manne tu: asimwoshe, asifue nguo, aende hospitali kabla ya siku tatu, asipokee ng'ombe. Mwombe ayarudie ukiyasikia. Ikiwa siku hiyo haitafika kamwe, hamtakuwa mmepoteza chochote ila dakika mbili za simu.